Sufuria Juu ya Uyoga

Naguru, 11 Februari 2024

Mpwa wangu Adoch,

Pokea salamu za mlimani. Mimi mzima, kuku wazima, isipokuwa jogoo mwekundu ambaye paka wa jirani alimaliza naye mambo yao ya zamani. Mama yako Santina yuko Gulu, ufuta umevunwa, na kila anayekuja Kampala anatumwa aniulize kama ninakula. Ninakula. Na huko Norwe je, baridi imekuachia masikio?

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu siitumii kwa mambo ya maana. Mtu aliyefanya upelelezi polisi mpaka akastaafu hawezi kumbeba mpelelezi mwingine mfukoni na kumnunulia chakula kila wiki.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita ulikuja na Wazungu wawili, mkachimba shimo nyuma ya nyumba yangu, mkazika pipa la chuma na kulifunika. Kando yake mkasimamisha nguzo fupi yenye kile kitu cheupe kichwani, mfano wa uyoga. Mimi nilikuwa na furaha ya kukuona baada ya muda mrefu, nikakubali bila kuuliza swali hata moja. Kijana wa ofisini kwangu angefanya hivyo ningemhamishia trafiki.

Majirani wanasema nimeuza mlima. Faruk, rafiki yangu mwenye gereji Kisenyi, alikuja kuchomelea wavu wa kuilinda mashine, akachungulia ndani. Akaniambia: "Afande, hii kitu iko na laini ya simu ndani ya tumbo. Kitu iko na simu, hiyo inaongea. Inaongea na nani, mimi sijui, lakini inaongea, wallahi." Faruk ni Mnubi, babu zake walivaa buti za jeshi kabla babu yangu hajaona kiatu. Akisema jambo lina harufu, mimi nanusa.

Kwa hiyo nijibu, na iwe kwa karatasi. Laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani? Kwa nini uwanjani kwangu, wakati juu yangu kuna kambi nzima ya polisi? Na je, hiyo mashine inasikia watu?

Mjomba wako,
Saverio


Bergen, 10 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo kutoka kwenye mvua. Hapa hainyeshi, hapa inaishi. Masikio ninayo yote mawili. Pole kwa jogoo.

Laini imesajiliwa kwa jina la chuo. Kwako ni kwa sababu mwamba wa Naguru uko karibu na uso wa ardhi, na kwa sababu nilitaka uwanja wa mtu ninayemwamini. Sababu ya pili ndiyo kubwa.

Kazi yenyewe nimejifunza kwako. Unakumbuka tulipokuwa watoto ukituambia kwamba bunduki ikilia, usiwaulize watu walimwona nani, waulize walisikia lini, nani kwanza, nani baadaye? Ndivyo tunavyofanya. Tetemeko likitokea mbali, tuseme visiwa vya Tonga, mawimbi yake yanapenya tumboni mwa dunia na kutokea kila mahali. Mashine zetu, kutoka Kongo hadi Kenya, zinaandika yamefika saa ngapi. Yakipita kwenye mwamba wa baridi na mgumu, yanakimbia. Yakipita penye moto na ulaini, yanachelewa, kama mtu anayevuka matope. Ukiwakusanya mashahidi wengi, aliyewahi na aliyechelewa, unaweza kuchora picha ya ndani ya dunia, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Nguzo, nyaya na mengineyo ni mambo ya ufundi, sitakuchosha nayo.

Desemba nitasimama mbele ya maprofesa kuitetea picha hiyo. Nahitaji nyakati za kuaminika mpaka mwezi huo. Naguru ikiharibika, picha yangu ina shimo katikati, na ufadhili wangu unaisha hapohapo. Nitarudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka yote hii. Tafadhali nitunzie mashine.

Na hapana, mjomba. Haisikii watu.

Wako,
Adoch


Naguru, 21 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Kwema. Barua yako ililala posta wiki nzima, labda ilikuwa inasomwa. Pasaka ilipita salama, padre alihubiri kwa ufupi, Mungu ambariki. Santina ametuma ufuta wa kusagwa na maswali yaleyale.

Mimi niko imara kama nguzo ya stima. Kila asubuhi nafagia uwanja mwenyewe hadi ukingoni mwa wavu wa Faruk. Mashine yako iko salama kuliko benki.

Maelezo yako nimeyasoma mara tatu. Ni mazuri. Maelezo mazuri mno huwa yananikosesha usingizi. Habari za Tonga umenipa ukurasa mzima, na swali langu la mwisho umelijibu kwa mstari mmoja. Katika kazi yangu, mtu alikuwa akirefusha pale alipo salama na kufupisha pale panapomchoma. Sisemi kitu. Natazama tu.

Saverio


Bergen, 19 Mei 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia padre amejifunza kufupisha. Hapa jua limekuja kwa siku mbili, watu wamechanganyikiwa, wanakula aiskrimu kwenye upepo.

Kazi inakwenda. Kati ya vituo vyote, Naguru ndiyo shahidi bora, haina kelele, haikosi siku. Mkuu wangu ameuliza nani anaitunza, nikamwambia ni afande mwenyewe, akacheka akasema tumpe cheo.

Usijilazimishe kufagia, mjomba. Mguu huo upumzike kwanza, uwanja hautakimbia.

Wako,
Adoch


Naguru, 9 Juni 2024

Adoch,

Kuku wazima. Salamu zimeisha.

Sikukuandikia habari za mguu. Itafute barua yangu ya Aprili uisome neno kwa neno. Nimeandika niko imara.

Ni kweli nilianguka, Jumatatu ya Pasaka, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na goti likavimba. Aliyejua ni mimi, na Faruk aliyenipeleka zahanati, na nesi aliyenifunga bandeji, ambaye hajui kama una pua. Santina hajui, na wewe hutamwambia. Akijua atapanda basi la kwanza, anifunge kama gunia la ufuta, anipeleke Gulu nikalie kiti mbele ya nyumba yake hadi nife. Mimi nitafia kwangu.

Nilimwita Faruk nikamhoji. Nilimhoji kama mshukiwa, Mungu anisamehe, nikimrudisha nyuma kwenye kila jibu. Aliapa, akakasirika, akaondoka chai yake ikiwa haijaguswa. Tangu siku hiyo hajapita kwangu. Rafiki aliyenizikia mke.

Faruk nimemwondoa katika shauri. Nesi nimemwondoa. Aliyebaki uwanjani ni mmoja, naye ana laini ya simu tumboni.

Nimechukua hatua. Sitasema ni hatua gani. Usiogope, pipa lako sijalifungua na waya sijaukata. Mimi si mshamba wa kukata waya, akajua adui kwamba nimejua.

S.


Bergen, 14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole sana kwa goti, na pole kwa Faruk. Tafadhali mwite tena.

Habari ya mguu nilikisia tu. Mtu hutaja mguu wa mzee kama anavyotaja mgongo wake. Naomba tusiligeuze kesi.

Nina habari, na sijui niiweke wapi furaha yangu. Tangu mwezi Juni mawimbi yanachelewa kufika Naguru. Kwingine kote yanafika kwa wakati wake, kwako yanachelewa. Chini ya Kampala tulitarajia mwamba wa kale, wa baridi, mgumu kama moyo wa mkopeshaji. Kumbe huenda kuna kitu laini na cha moto huko chini ambacho hakuna aliyewahi kukiona! Mkuu wangu alisimama kitini. Anataka iwe ndiyo sura kuu ya kazi yangu, niitetee Desemba, na baada ya hapo kuna nafasi ya kazi hapahapa. Nimelia chooni kwa furaha, nakuambia wewe tu.

Swali dogo la kawaida, tunawauliza watunzaji wote: kuna mtu ameigusa mashine?

Wako,
Adoch


Naguru, 4 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Nimezipokea salamu. Santina hajambo. Mvua imekata, vumbi la barabarani linaingia hadi kwenye chumvi. Uwanja uko safi.

Hakuna aliyeigusa mashine.

Nimefurahi kwa ajili yako, na hii naisema bila kuweka mkono mfukoni. Mtoto wa dada yangu kuona chini ya Kampala! Ila mimi nimekaa na barua yako siku kadhaa, na kuna kitu kinanikera. Shahidi huyu alikuwa mtu wa kawaida miezi mitano. Ghafla anaanza kukuambia hasa kile ambacho kingekupa kazi. Nimewaona wengi wa aina hiyo. Vijana wangu walikuwa wanawapenda, wanawanunulia soda. Mimi nilikuwa nawarudisha chumbani na kuanza upya. Shahidi anayekufurahisha, mhoji mara mbili.

Hilo la mguu bado sijalifunga.

Saverio


Bergen, 1 Septemba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na sikiliza mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilimhoji mara mbili. Nilipanga matetemeko yote tangu Juni kwa tarehe. Uchelewaji wa Naguru si uleule, unakua. Wa Julai umezidi wa Juni, wa Agosti umezidi wa Julai. Mjomba, mwamba ulioko kilomita mia mbili chini haubadiliki kwa miezi mitatu. Saa ndiyo hubadilika. Saa ya mashine imekuwa ikikimbia mbele kidogo kidogo, na saa iliyo mbele humfanya kila mgeni aonekane amechelewa. Hakuna moto chini ya Kampala. Nimemwambia mkuu wangu jana. Akaniuliza kama bado nina kazi ya kutetea.

Ule uyoga mweupe ndio unaoipa mashine saa sahihi, kutoka kwenye setilaiti. Haupeleki neno popote, unapokea saa tu. Nilipaswa kukueleza mwezi Machi, nikaandika sitakuchosha. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha kwamba uyoga haujaiona mbingu tangu wiki ile uliyoandika kuwa umechukua hatua. Wala hukunidanganya uliposema hakuna aliyeigusa mashine. Uliufunika uyoga. Sivyo?

Sasa zamu yangu. Mashine haisikii sauti, hilo ni kweli, ungeweza kunitukana juu yake mchana kutwa. Lakini inahisi ardhi, na mtu akikanyaga karibu, inaandika. Hatua zako nilikuwa naziona. Asubuhi, kabla ya kazi, nilikuwa nafungua Naguru nakuona unafagia, kwenda na kurudi, na hapo ndipo siku yangu ilikuwa inaanza. Baada ya Pasaka nikaona mguu mmoja unaburutwa na fimbo imeongezeka. Nikakudanganya kwa sababu nilijua ukijua utaing'oa mashine, na kwa sababu sikutaka kunyimwa kukuona. Tangu barua yako ya Juni nimeacha kutazama. Naona aibu, mjomba.

Naomba jambo moja, na kazi yangu yote imelala hapo. USIUFUNUE BADO. Mashine hii ni ya zamani. Ikiiona setilaiti itajirekebisha kimya kimya, nami sitajua kamwe ilikuwa imekosea kiasi gani. Na habari zinazopita kwenye laini ya simu hufika kwa kuchelewa zinavyotaka, hazifai kupimia saa. Tafadhali washa redio karibu na pipa, saa saba mchana, kabla ya taarifa ya habari. Katika ile milio ya kutangaza saa, ule mrefu wa mwisho ukilia tu, piga ardhi kwa fimbo mara moja, kwa nguvu zako zote. Rudia kwa siku tatu. Kisha ufunue, na uniandikie ni siku gani uliufunika. Nikijua saa imekosea kiasi gani, naweza kuzinyoosha nyakati zote za miezi hiyo.

Ningekupigia simu, lakini najua hungepokea.

Adoch


Naguru, 29 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Salamu. Kuku wanataga.

Ni sufuria. Ile kubwa ya kusongea posho, aliyoiacha marehemu mke wangu. Niliifunika juu ya uyoga tarehe tano Juni asubuhi na kuibana kwa waya. Niliona kitu kile kinatazama juu, nikasema hapa ndipo mdomo wake ulipo. Nikaacha pipa, nikaziba uyoga. Kumbe nimeliacha sikio na kuziba saa. Ungekuwa mtihani wa kupandishwa cheo ningerudi doria.

Kwa hiyo wakati nikimhoji Faruk mpaka machozi yakamlengalenga, mwenye kosa alikuwa mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuhoji. Nimekasirika, Adoch, na nataka ujue hivyo. Nilitembea uwanjani kwangu nikidhani niko peke yangu. Mtu akidhani yuko peke yake anajiegemeza ukutani, anaongea na mkewe aliyekufa. Hiyo ilikuwa yangu, wala haikuhusu dunia wala tumbo lake.

Faruk nimemtumia radhi, naye akaja. Alisema: "Afande, mimi nilisema mashine inaongea. Sikusema Faruk anaongea." Tukanywa chai, ile ya zamani na mpya.

Niligonga mwenyewe, siku tatu, kama ulivyoagiza, redio ikiwa wazi mpaka majirani wakachungulia. Sufuria imetolewa. Imefanya kutu, nayo nakudai.

Wamalize maprofesa wako.

Saverio


Bergen, 27 Oktoba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mapigo yako matatu nimeyapata, kila moja limesimama wima katikati ya mchana kama msumari. Saa imenyooka. Nimezirudisha nyakati zote za Naguru mahali pake, na shimo katikati ya picha yangu limezibika. Chini yako kuna mwamba wa kale, wa baridi, unaokimbiza mawimbi kuliko tulivyodhani. Si habari ya kumsimamisha mtu kitini, lakini ni ya kweli, na mkuu wangu amesema nitasimama nayo Desemba. Umeniokoa, mjomba. Sufuria nitakununulia mbili.

Umekasirika kwa haki, na nimesoma maneno yale kuhusu mkeo nikashindwa kula. Niliapa sitatazama tena. Lakini ili niyapate mapigo ilibidi nifungue dakika zile, na kabla ya kila pigo kuna hatua za mtu anayetoka upande wa nyumba kuja kwenye pipa.

Hatua zako nazijua. Hizi si zako. Mtu huyu ana miguu miwili mizima, ni mzito, anakwenda haraka na kurudi haraka. Hakuna fimbo ila ile ya kugongea.

Ndipo nikavunja kiapo nikarudi nyuma. Mara ya mwisho fimbo yako kugusa uwanja ilikuwa mapema Agosti, siku chache baada ya kuniandikia kwamba uwanja uko safi. Baada ya hapo, mjomba, kuna kuku tu.

Umeandika ulipiga mwenyewe. Nina mashahidi wawili, wewe na mashine, na mmoja wao ananifurahisha. Nimhoji yupi?

Adoch


Naguru, 24 Novemba 2024

Adoch,

Karatasi inaandikwa na Faruk, maneno ni yangu. Nimemkataza kupunguza wala kuongeza, naye ameapa, na safari hii nimemwamini.

Mapigo yale ni yake. Mimi nilikuwa kitandani, dirisha wazi, redio kifuani, na mlio mrefu ulipolia nilipaza sauti naye akapiga. Kwa hiyo ukikuta amechelewa kidogo, ni njia ya kutoka mdomoni kwangu hadi mkononi kwake. Kiweke kwenye hesabu zako.

Goti lilipona. Ni nyonga, tangu Agosti, nilianguka tena palepale kwenye ngazi. Faruk aliporudi nikamwambia tusiposema ni kama haijatokea. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu chumbani, sema tu, tunajua tayari. Nilidhani maneno hayo yanatisha. Jana Faruk aliponisomea barua yako nililala mpaka asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu nianguke.

Hao maprofesa wakikuhoji, usirefushe pale ulipo salama.

Mwambie mama yako. Mwambie aje na lile basi lake la kwanza. Faruk ameling'oa komeo, kwa sababu mimi siwezi tena kuinuka kumfungulia. Asigonge. Mlango uko wazi.

Mjomba wako,
Saverio